Jiwe la Maili Kumi na Mbili

Ramani niliikuta Ardhi, droo ya chini kabisa,
siku ya kukabidhi funguo, nikiondoka na saa ya ukutani
na cheti cha utumishi mwema.
Karatasi rangi ya chai ya mkandaa, mende wameila pembe;
mstari wa wino unatoka bandarini, unaelekea magharibi,
halafu kitone, na mwandiko wa mtu mwenye haraka:
*Kwa Mwinyimbegu. Maji. Maksai hubadilishwa.*

Nimepima viwanja miaka thelathini na miwili.
Nimezika bikoni Tabata, Kinyerezi, Mbezi kwa Msuguri,
nimeikata nchi ishirini kwa thelathini
kama sinia la kashata,
na hata siku moja sikuuliza
nani alikoka moto hapo kabla ya namba ya kitalu.

Jumamosi nikavaa buti za kazi.
Nyuma ya Gongo la Mboto nikaiacha lami,
nikashika mgongo wa kilima, maana gari la maksai
halipendi tope, na aliyeichora njia alikuwa mvivu kama mimi:
alifuata maji, alizunguka mwinuko.
Vijana wawili wakanifuata. Waliona sururu.
"Mzee, ni mali ya Mjerumani? Tugawane."
Nikawaambia natafuta barabara.
Kondo akacheka, akaonyesha nyuma yetu:
"Barabara si ile?"

Tulichokipata hadi adhuhuri:
kisima kilichofukiwa, juu yake choo cha baa;
pete ya chuma ya gurudumu, imening'inizwa shuleni,
hugongwa saa nne watoto wakanywe uji;
na mtaro usio na maji wala sababu,
umenyooka mno kuwa kazi ya mvua.

Basi. Kijiji kizima cha watu waliouza nyasi na maji,
walioamka usiku kwa mlio wa ekseli kavu,
waliomjua kila maksai kwa jina lake.
Wanasema ndorobo ndiye aliyeifunga njia:
wanne Jumatatu, sita Alhamisi,
hadi magari yakabaki na nira bila shingo.
Kisha reli ikapita bondeni, haikuwauliza hali.
Leo ng'ombe huja Pugu mnadani kwa malori kutoka Shinyanga,
hushushwa wakiyumba, hukitazama kilima
kama wanaodai kitu.

Kwa Bi Siwatu niliomba maji ya kunywa.
Alikuwa anafua. Chini ya kanga, chini ya povu,
jiwe la kuchongwa, limelainika
kama sabuni iliyokaribia kwisha,
na kidole changu kikasoma ambacho jicho halikuona:
moja. Mbili.
Moyo ukanidunda kama wa mwizi.
"Bibi, hili ni jiwe la maili. La serikali ya kale.
Mahali pake ni makumbusho."
"Na mimi nikafulie makumbusho?"

Nikatoa futi, nikatoa daftari,
nikauliza limekuwa hapa tangu lini.
"Hapa? Halikuwa hapa. Mama mkwe alilibingirisha
akiwa na mimba ya mume wangu, kutoka huko."
Akainua mkono wenye povu,
mkono ukachora nusu ya wilaya.

Bikoni iliyohamishwa haishuhudii kitu.
Hivyo ndivyo nilivyowafundisha vijana wa kazi, kwa ukali.
Nikafunga daftari.
Bi Siwatu akalitazama shati langu, tope hadi kwapani,
akanyoosha mkono: "Vua."
Nikakaa kivulini na fulana,
nikimsikiliza akilipiga, akilipiga,
juu ya ile moja, juu ya ile mbili,
huku Kondo akiniuliza
kesho tuanzie upande gani.